Mafiga, Jiko na Mizani ya Mtaalamu

Katika lugha yetu neno 'jiko' limebeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Ni chombo cha kupikia, ni mahali pa kupikia, na kijana aliyeoa huambiwa kwamba amepata jiko. Wazee walipotaka kufundisha umoja hawakwenda mbali kutafuta mfano: walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo yatupasa kushangaa tukiona kwamba chombo hiki, kilichokaa katikati ya nyumba na katikati ya lugha, kilikaa kwa muda mrefu mno nje ya milango ya vyuo. Wahandisi wa vyuo vikuu walipima mtambo wa mvuke, wakapima injini ya motokaa na bawa la ndege. Moto wa mama asongaye ugali karibu haukupimwa na mtu, hata karne ya 20 ilipokuwa imekwisha pita robo yake ya tatu.

Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi wahandisi walivyofika jikoni, walivyokosea huko, na walivyosahihishwa. Tunasema 'walivyosahihishwa' kwa makusudi. Historia hii husimuliwa aghalabu kana kwamba mtaalamu alikuja na nuru mkononi na mpishi akaipokea kwa shukrani. Mambo hayakwenda hivyo, na mwanafunzi anayetazamia kuwa mhandisi atafaidika zaidi akijua yalivyokwenda.

Tuanze na mafiga yenyewe. Mawe matatu, au mafundo matatu ya udongo mkavu, hupangwa kwa pembetatu, chungu kikawekwa juu na kuni zikaingizwa katika mapengo. Hakuna chombo rahisi kuliko hiki. Mafiga hayana gharama. Hupokea chungu kidogo cha mboga leo na sufuria ya pilau ya arusi kesho, kwani kazi yote ni kusogeza jiwe. Hupokea ukuni mrefu usiopasuliwa, maana mpishi huusukuma ndani kadiri unavyoungua, na akitaka kupunguza moto huuvuta nje. Usiku mafiga hutoa mwanga, na katika nyanda za juu wakati wa kipupwe hutoa joto la kuota. Hata moshi wake, ambao tutauhukumu vikali baadaye, ulikuwa na kazi. Ulikausha paa la nyasi na kufukuza wadudu, na mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya meko yalihifadhika kwa moshi huo huo hadi msimu wa kupanda. Mtaalamu asiyejua haya, akiuondoa moshi, amemwondoa pia mlinzi wa mbegu, naye atashangaa kwa nini mwenye nyumba hakufurahi.

Lakini hatuna budi kusema pia kasoro zake. Upepo ukivuma, joto hupotea pembeni bila kugusa chungu. Kuni mbichi hufoka moshi, na mpishi ainamaye kuchochea hupokea moshi huo machoni na kifuani, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake. Tena kuni hazijileti zenyewe. Mahali pengi huletwa na kichwa cha mwanamke au cha binti, na saa azitumiazo porini ni saa ambazo hayuko shambani wala shuleni.

Jambo lililowaamsha wataalamu wa dunia halikuwa huruma kwa mwanamke huyo, bali bei ya mafuta ya petroli. Mwaka 1973 bei hiyo ilipanda ghafla, na kila serikali ikaanza kuhesabu nishati yake. Mwaka 1975 Erik Eckholm wa Marekani akachapisha kijitabu kilichosema kwamba uko msiba mwingine wa nishati usiotajwa sana, nao ni uhaba wa kuni. Hofu ikaenea kwamba meko ya maskini yatamaliza misitu ya dunia. Leo twajua kuwa hofu hiyo ilitiwa chumvi. Sehemu kubwa ya misitu hukatwa ili kufungua mashamba, na mwanamke wa kijijini mara nyingi huokota matawi makavu tu. Mkaa wa mijini ni shauri jingine, kwa kuwa mchoma mkaa huangusha mti mzima. Hata hivyo hofu ile, ingawa ilikosea shabaha, ilifungua mifuko ya fedha za utafiti, na wahandisi wakatumwa jikoni.

Si kwamba hapakuwa na waliotangulia. Nchini India mhandisi S. P. Raju wa Hyderabad alikwisha chapisha kitabu juu ya majiko yasiyo na moshi mwaka 1953. Lakini jiko lililopata sifa kubwa katika miaka ya 1970 lilitoka Guatemala. Mwezi wa Februari 1976 tetemeko la ardhi liliiharibu nchi hiyo, na katika kazi ya kujenga upya likabuniwa jiko lililoitwa Lorena, jina lililounganishwa kwa maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya tope na mchanga. Lilikuwa tuta zito la udongo, lenye matundu ya kuwekea vyungu na dohani ya kutoa moshi nje. Udongo ulipatikana bure, na mtu yeyote aliweza kujifunza kulijenga kwa siku chache. Likavuka bahari. Nchini Senegal jiko la namna hiyo likaitwa Ban ak Suuf, yaani udongo na mchanga kwa Kiwolofu, na kituo cha utafiti wa nishati cha Chuo Kikuu cha Dakar kikalieneza. Iliaminika kwamba jiko hili linaokoa nusu ya kuni au zaidi.

Kisha likapimwa. Ilionekana kwamba mara nyingi jiko la tuta halikuokoa kitu, na mara nyingine lilikula kuni nyingi kuliko mafiga. Kosa lilikuwa katika fikira iliyoonekana kuwa ya busara kabisa: udongo huhifadhi joto, basi jiko la udongo mwingi litaokoa joto jingi. Ni kweli kwamba udongo huhifadhi joto, lakini joto lililohifadhiwa udongoni ni joto ambalo halikufika chunguni. Tuta la kilo mia kadhaa hunywa moto kwanza, ndipo chungu kipate. Kwa mpishi wa mkahawa anayepika toka alfajiri hadi usiku, deni hilo hulipika. Kwa mama anayechemsha uji na kwenda shamba, udongo hubaki na joto lake nyumbani tupu.

Ndipo kazi ya maabara ilipoonyesha thamani yake. Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Eindhoven, nchini Uholanzi, kikundi kilichoongozwa na K. Krishna Prasad kilianza kuchapisha, kuanzia mwaka 1980, ripoti juu ya moto wa kuni. Watu waliozoea kupima mitambo mikubwa walikaa kando ya sufuria za maji, wakipima uzito wa kila ukuni na joto la maji kila baada ya dakika chache. Walianza na moto wa wazi, ule ule uliodharauliwa. Vitabu vya wakati ule vilikuwa vikisema kwamba mafiga hufikisha chunguni asilimia 5 au 10 tu ya nguvu iliyomo katika kuni. Wao waliona kwamba moto wa wazi uliokingwa na upepo, wenye kuni kavu na mtu wa kuutunza, waweza kuzidi hata asilimia 20. Matokeo haya yaliwatia haya watu wengi, maana majiko kadhaa yaliyokwisha tangazwa kuwa bora hayakufika hapo.

Hapa tungependa mwanafunzi achukue kalamu na kulikadiria jambo hili mwenyewe. Lita moja ya maji, ili ipande kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 za Selsiasi, yahitaji kilojuli 315 hivi, kwani kila kilo ya maji hutaka kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja. Kilo ya mkaa mkavu ina kilojuli zipatazo 29,000. Kwa hesabu tupu, basi, gramu 11 za mkaa zingetosha kuchemsha lita hiyo: kipande chepesi kuliko yai la kuku. Mtu yeyote aliyewahi kuchemsha chai atacheka. Jiko lenye ufanisi wa asilimia 15 litahitaji gramu 72 hivi, na lenye ufanisi wa asilimia 30 litahitaji gramu 36. Tofauti ya gramu 36 ni kitu kidogo mkononi, lakini kwa nyumba ipikayo chai, maharage na ugali kila siku ya mwaka ni magunia.

Lakini hesabu hii nayo ina mtego wake, na wahandisi wengi walinaswa humo. Maji yakisha chemka, maharage ndiyo kwanza yanaanza safari. Yatakaa motoni saa mbili au tatu, na wakati huo hayahitaji moto mkali, yahitaji moto mdogo usiozimika. Jiko lichemshalo upesi lakini lisiloweza kutulizwa litateketeza yote liliyookoa. Wapishi walijua hili siku zote. Ndiyo sababu wataalamu walipokutana Arlington, Virginia, mwaka 1982 kupatana juu ya njia za kupima, waliweka majaribio matatu: la kuchemsha maji, la kupika chakula maalumu kwa utaratibu uliowekwa, na la tatu linalofanywa katika nyumba za watu, ambapo familia hupika kama kawaida yake kwa siku kadhaa na kuni zake zikapimwa. Jaribio la tatu ndilo lililokuwa gumu kwa mhandisi, kwa kuwa huko hana amri. Mpishi hufunika sufuria au haifuniki, mgeni huja, mvua hunyesha, mtoto hulia na moto ukasahauliwa.

Jambo jingine lililotokana na vipimo hivi lilihusu pengo kati ya jiko na sufuria. Samuel Baldwin, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Burkina Faso na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya uhandisi wa majiko mwaka 1987, alionyesha kwamba sufuria ikizungukwa na ukuta wa bati, hewa ya moto hulazimika kupita ikiambaa ubavu wake, nayo huacha joto njiani. Pengo likizidi kwa milimita mbili tu, faida hupungua sana. Kwa fundi wa bati mwenye nyundo na mkasi, milimita mbili si kitu. Kwa mama mwenye sufuria tano za ukubwa mbalimbali, jiko linaloafiki sufuria moja tu ni kero. Elimu ilikuwa sahihi, lakini haikuingia nyumbani kwa urahisi.

Sasa tuje Afrika ya Mashariki, kwa maana ni hapa, mjini Nairobi, ambapo lilipatikana jiko lililokubaliwa na watu kuliko karibu yote tuliyoyataja. Mijini kwetu watu hupikia mkaa, na jiko lao la zamani lilikuwa la bati tupu. Inasemekana mfano wake uliletwa na Wahindi waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901. Mafundi walilifua kwa bati la mapipa makuukuu. Lilikuwa jepesi na la bei ndogo, lakini mbavu zake zilikuwa moto kama pasi: joto lilitoka pande zote, na la kumi hadi la tano tu ndilo lililofika chunguni.

Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi juu ya nishati mpya, na wakati huo watu wa nchi mbalimbali walionyeshana vyombo vyao. Kati ya vilivyotazamwa sana na Wakenya ni jiko la Thailand lenye umbo la ndoo: nje bati, ndani udongo wa kuchoma. Max Kinyanjui na wenzake walilichukua kama kianzio. Kulinakili tu hakukufaa. Udongo uliojaza chombo kizima, toka juu hadi chini, ulikuwa mzito, tena ulipasuka, kwa kuwa bati na udongo havivimbi sawasawa vinapopata moto. Ikabidi umbo libadilike. Jiko jipya likapewa kiuno chembamba katikati, kama ngoma, na udongo ukawekwa nusu ya juu peke yake, ukigandishwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yazuiayo joto. Nusu ya chini ikabaki bati tupu: chumba cha majivu chenye mlango mdogo wa kuongeza au kupunguza hewa. Kitako kikatanuliwa ili jiko lisipinduke.

Msomaji asiipite upesi habari ya kitako. Chakula cha kwetu si cha kuangaliwa tu kikichemka. Ugali husongwa kwa mwiko, kwa nguvu za mabega, na jiko likitikisika mpishi huungua. Kipimo cha kuchemsha maji hakiwezi kuigundua kasoro hii hata kikirudiwa mara mia, kwani maji hayasongwi.

Jiko hili likajulikana kama jiko la udongo la Kenya. Michoro yake haikufichwa. Mafundi wa jua kali, pamoja na wale wa Shauri Moyo waliokuwa wakifua majiko ya zamani, walifundishwa kulitengeneza kwa vyombo vile vile walivyokuwa navyo, na wafinyanzi wakafundishwa kuchoma vikombe vyake vya udongo. Mwanzoni liliuzwa kwa thamani ya dola 15 hivi, na wengi walisema kwamba halitanunuliwa. Mafundi walipoongezeka na kushindana bei ikashuka hata chini ya dola 5. Ushindani huo ulileta pia majiko ya hila, yenye udongo usioiva uliomeguka kabla ya mwaka kwisha. Hata hivyo mwaka 1995 Daniel Kammen, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Princeton, aliandika kwamba majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya, katika nyumba zaidi ya nusu ya zile za mijini, na kwamba familia moja yaweza kuokoa karibu kilo 600 za mkaa kwa mwaka.

Ni nani aliyelitengeneza jiko hili? Swali hili twaliona kuwa la maana kwa somo letu. Chuo kikuu hakikulibuni peke yake, na pengine lingebuniwa chuoni tu lisingeuzika. Wabunifu walikuwa watu wa mashirika, wafuaji wa bati walilisahihisha kwa nyundo, vikundi vya akina mama vikasema lipi zito na lipi linaloyumba, na vyuo vikatoa kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kukitoa: kipimo cha kweli, kilichomzuia kila mwenye jiko kujisifu atakavyo. Nchini Rwanda, ambako jiko la aina hii liliitwa Rondereza, wapishi walipewa majiko ya majaribio wakaulizwa wangebadilisha nini, na majibu yao juu ya ukubwa, rangi na mlango yakafuatwa. Kwetu Tanzania mfano huo ulienezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Jiko Bora. Kwa ajili ya wapikao kwa kuni, huko magharibi ya Kenya wafinyanzi wanawake walitengeneza kikombe cha udongo kilichoitwa jiko la Maendeleo, na baadaye Upesi.

Mpaka hapa tumezungumza habari za kuokoa kuni na mkaa. Moshi ulisubiri zaidi. Kati ya mwaka 1996 na 1999 Majid Ezzati, akishirikiana na Kammen, alifanya utafiti huko Mpala, wilayani Laikipia, Kenya. Kaya 55 zilifuatwa kwa zaidi ya miaka miwili. Vyombo vya kupima vumbi la moshi vilitundikwa ndani ya nyumba, na wapimaji wakaandika si hali ya hewa ya chumba tu, bali nani yuko wapi na kwa muda gani. Hilo la pili ndilo lililokuwa jipya. Moshi haugawanyiki sawa. Hupanda ghafla wakati wa kuwasha, wakati wa kuongeza kuni na wakati wa kukoroga, na dakika hizo hizo ndizo mpishi huwa ameinama juu ya moto. Anayepima wastani wa siku nzima katikati ya chumba hupata tarakimu inayompunja mwanamke. Ripoti yao ya mwaka 2001, iliyowahusu watoto wachanga na wadogo 93 pamoja na watu wazima, ilionyesha kwamba ugonjwa wa njia za hewa huongezeka kadiri mtu avutavyo moshi zaidi.

Matokeo hayo yalileta fumbo ambalo halijafumbuliwa vizuri hata leo. Mkaa hutoa vumbi la moshi kidogo sana kuliko kuni za mafiga, basi kwa kifua cha mtoto mkaa ni nafuu, ingawa una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua katika chumba kilichofungwa. Lakini tanuri la udongo la mchoma mkaa hutumia kilo tano hadi kumi za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mti hupotea porini kabla gunia halijafungwa, na hakuna jiko, hata lingekuwa bora namna gani, liwezalo kuirudisha. Anayeokoa mapafu hupoteza miti. Anayeokoa miti humrudisha mama kwenye moshi.

Tena yapo majaribio ambayo hayakuleta matunda yaliyotumainiwa, nayo yastahili kuandikwa pamoja na mengine. Mwaka 2016 zilitolewa habari za utafiti mkubwa uliofanyika vijijini Malawi, ukiongozwa na wataalamu wa Liverpool pamoja na wa Malawi, uliohusu watoto 10,750. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kisasa yenye feni ndogo ya kupuliza moto. Kichomi hakikupungua miongoni mwa watoto wao. Feni ziliharibika mara nyingi, na tena mtoto wa kijijini havuti moshi wa jiko la mama yake tu: upo wa jirani, wa takataka zinazochomwa, wa taa na wa tumbaku. Twawaheshimu watafiti hao kwa kutoficha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na ukubwa wa tarakimu hiyo ndio unaotutaka tujue lipi halisaidii.

Mfano wetu mwingine unatoka Darfur, Sudan. Mwaka 2005 Ashok Gadgil na Christina Galitsky wa Berkeley, California, walikwenda katika kambi za wakimbizi wa vita. Wanawake wa huko walikuwa wakitembea saa nyingi kutafuta kuni, na njiani walivamiwa. Kwa hiyo kila ukuni uliookolewa ulikuwa hatua moja pungufu katika njia ya hatari. Wahandisi walichukua mfano wa jiko la bati la India wakaupeleka kwa wapishi wa kambini. Chakula chao ni asida, nduguye ugali, isongwayo kwa nguvu, na ardhi yao ni mchanga wenye upepo. Jiko la kwanza liliyumba. Likarekebishwa: likapewa miguu na vishikio vya kulithibitisha mchangani, na mdomo wake ukapunguzwa ili upepo usiingie. Vipande vikakatwa India na kuunganishwa Darfur kwenyewe. Tumeliona tena lile la Nairobi: mwiko ulimfundisha mhandisi ambalo maji yanayochemka hayakumfundisha.

Siku hizi kazi ya kupima haifanyiki ng'ambo peke yake. Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha utafiti wa nishati kinachopima majiko, na mafundi hupeleka vyombo vyao huko kabla ya kuviuza. Hapa Tanzania, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wakipikia nishati safi, yaani gesi, umeme na nyinginezo. Kwa hiyo wahandisi sasa wanapima pia sufuria za umeme zipikazo kwa mvuke uliobanwa, ambazo maharage huiva humo kwa chini ya saa moja.

Katika utafiti mmoja wa namna hiyo, uliofanyika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 2010 kwa ushirikiano wa shirika la hapa nchini na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza, watafiti hawakukaa jikoni kuangalia. Kila kaya ilipewa daftari na mizani. Mpishi aliandika mwenyewe chakula alichopika, kiasi chake, muda uliopita na mkaa uliotumika, kwanza kwa jiko lake la siku zote, kisha kwa umeme. Daftari hizo zilikusanywa, na hesabu za wahandisi zikaanzia pale alipoachia mpishi.